Hati, Matbaa na Mikono ya Watu: Tafakuri Kuhusu Chanzo cha Mabadiliko katika Historia ya Kiswahili



Utangulizi

Ipo simulizi ambayo kila mwanafunzi wa Kiswahili huikuta mapema katika masomo yake. Inakwenda hivi: hapo kale Kiswahili kiliandikwa kwa hati ya Kiarabu. Katika karne ya 19 wakaja wamisionari na mashine ya kuchapia. Mashine ikahitaji herufi za Kirumi, na hati ya Kiarabu ikafifia. Mashine ikahitaji tahajia moja, na Kiswahili Sanifu kikazaliwa. Baadaye ikaja redio, ikakieneza hadi vijijini. Sasa imekuja kompyuta na simu ya mkononi, nazo ama zitakiinua ama zitakimaliza.

Simulizi hii ni fupi, ni nyepesi kukumbuka, na matukio yake mengi ni ya kweli. Mashaka yangu hayahusu matukio bali yanahusu kiungo kinachoyafunga, yaani lile neno dogo "ikahitaji". Je, mashine huhitaji? Na kama haihitaji, ni nani aliyehitaji, na kwa nini simulizi imemsahau?

Katika taaluma za historia na falsafa ya jamii, swali hili lina ukoo mrefu. Karl Marx, katika kitabu alichokitoa mwaka 1847, alihusisha kinu cha mkono na jamii ya makabaila, na kinu cha mvuke na jamii ya mabepari. Wafuasi na wapinzani wake wamegombana tangu hapo kama alikusudia kusema kwamba kinu huzaa jamii. Mwaka 1962 Lynn White alikihusisha kikuku cha kupandia farasi na kuzuka kwa ukabaila wa Ulaya. Mwaka huohuo Marshall McLuhan alitoa kitabu kilichodai kwamba matbaa iliibadilisha namna ya kufikiri ya binadamu wa Ulaya, na mwaka 1963 Jack Goody na Ian Watt walidai mengi kuhusu matokeo ya kujua kusoma na kuandika. Wasomi hawa hawakuwa na msimamo mmoja, na si haki kuwatia wote katika kapu moja. Hata hivyo, kutokana na maandishi ya namna hiyo ilijengeka imani ambayo leo nitaiita nadharia ya nguvu ya zana: imani kwamba zana mpya ikishaingia katika jamii, mabadiliko fulani hufuata kwa lazima, watu wapende wasipende.

Nakusudia kuipima nadharia hiyo kwa historia ya lugha yetu. Hoja yangu ni kwamba zana hupanga gharama za maamuzi, lakini haiamui. Na kwamba kila tunaposema zana ndiyo iliyoamua, tunamfutia mtu fulani jina lake katika daftari la historia. Kufuta huko kuna hasara, kwa sababu asiyeonekana kuwa aliamua jana hawezi kuulizwa leo.

Sarufi ya usababishi

Kwa kuwa mimi ni mwanaisimu, niruhusuni nianzie nyumbani kwangu, katika sarufi. Tuzitazame sentensi tatu. "Juma amevunja kioo kwa nyundo." "Mvua imebomoa nyumba." "Kikombe kimevunjika."

Katika sentensi ya kwanza mtenda ni Juma, na nyundo ni ala, nayo imeletwa kwa kihusishi "kwa". Katika ya pili hakuna mtu. Mvua ni nguvu ya maumbile, nayo imekaa mahali pa kiima bila ya taabu. Katika ya tatu, kauli ya kutendeka imemwondoa mtenda kabisa. Kila mzazi anaifahamu kauli hiyo, kwa maana ndiyo ambayo watoto huikimbilia. Mtoto hasemi "nimevunja kikombe", kikombe "kimevunjika".

Sasa tuzisikilize sentensi za wanahistoria wa lugha. "Matbaa ilisanifisha Kiswahili." "Reli ilipeleka Kiswahili bara." "Hati ya Kiarabu ilitoweka." Katika mbili za kwanza, kitu ambacho kwa kawaida ni ala kimehamishwa kutoka nyuma ya "kwa" na kukalishwa katika kiti cha mtenda. Matbaa imewekwa safu moja na mvua. Katika ya tatu, hati imejitowekea yenyewe, kama kikombe cha mtoto.

Sisemi kwamba sarufi yetu inakataza sentensi hizo. Husema "kisu kimenikata" na hakuna anayeshangaa. Lakini mama akiambiwa kwamba kisu kimemkata mtoto, swali lake la pili ni: nani amekiacha kisu hapa? Sarufi inaturuhusu kumwacha mtenda, ila haitulazimishi kumsahau. Tena lugha yetu ina njia nyingine ya kuzitaja zana, ambayo naiona kuwa na busara zaidi. Ni kauli ya kutendea: kalamu ya kuandikia, jembe la kulimia, mashine ya kuchapia. Hapo zana inatajwa kwa kazi inayotumiwa kufanya, na mtumiaji, hata asipotajwa, yumo ndani ya kitenzi.

Wahenga nao walikwisha kutuonya waliposema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Chombo kinaelea kwa sababu ya maji na ubao, na hakuna anayelikana hilo. Lakini methali inakupeleka kwa fundi. Mhadhara huu ni jaribio la kuisoma historia ya hati na matbaa kwa mwanga wa methali hiyo.

Hati iliyokuwapo

Kiswahili hakikusubiri matbaa ili kiandikwe. Barua za Kiswahili kutoka Kilwa, za mwanzoni mwa karne ya 18, zimehifadhiwa Goa katika nyaraka za Wareno. Utenzi wa Tambuka, ujulikanao pia kama Chuo cha Herekali, uliotungwa na Mwengo wa Athumani huko Pate, unatupatia mswada wenye tarehe inayolingana na mwaka 1728. Muyaka bin Haji alitunga Mombasa katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, na Mwana Kupona aliuandika wasia wake kwa binti yake mwaka 1858. Kulikuwa na waandishi, wanakili, wasomaji na walimu. Kulikuwa na biashara iliyoendeshwa kwa barua. Kwa ufupi, kulikuwa na utamaduni wa maandishi, na hati yake ilikuwa ya Kiarabu.

Wanaoitetea nadharia ya nguvu ya zana husema kwamba hati hiyo ilikuwa na upungufu wa kiufundi, hivyo ilikuwa imekwisha kuhukumiwa kabla ya kesi kusikilizwa. Upungufu ulikuwapo. Hati ya Kiarabu ina alama tatu za irabu, na Kiswahili kina irabu tano. Mwandishi wa zamani hakutenganisha waziwazi "e" na "i", wala "o" na "u". Haina herufi za sauti "p", "v", "ch" na "ng'", na nazali zilizo mbele ya konsonanti mara nyingi hazikuandikwa. Msomaji ilimbidi aijue lugha vizuri ndipo aisome.

Lakini upungufu wa zana ni jambo la kurekebishwa. Waajemi waliiongezea hati hiyo herufi za "p" na "ch" karne nyingi zilizopita, na Kiurdu kikafuata nyayo zao. Hapa kwetu, Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890, alishirikiana na William Taylor katika kuzinakili tungo za Muyaka kwa hati ya Kiarabu iliyoongezewa alama ili sauti za Kiswahili zionekane. Kwa hiyo marekebisho yalikuwa yanawezekana, na kazi ilikwisha kuanza.

Tusisahau pia kwamba herufi za Kirumi nazo hazikutufika zikiwa tayari. Ilibidi watu wakubaliane kuandika "ch", "dh", "gh", "sh", "th" na "ng'". Na hata baada ya makubaliano hayo, tahajia ya leo haionyeshi tofauti ya "t" ya meno na "t" ya ufizi, wala mpumuo, mambo ambayo kwa Mmvita hutofautisha maneno. Upungufu wa hati moja uliitwa kasoro, na upungufu wa hati nyingine uliitwa sahihi. Hukumu hiyo haikutolewa na herufi.

Matbaa mbili za Unguja

Nije sasa kwenye ushahidi ambao kwangu ndio mzito kuliko wote. Katika karne ya 19 Unguja haikuwa na matbaa moja. Zilikuwapo za namna mbili, zikitumikia watu wawili tofauti.

Ya kwanza ni ya Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, iliyofika Unguja mwaka 1864. Edward Steere, aliyekuja na msafara huo, alijifunza lahaja ya Kiunguja, akaandika sarufi yake iliyotoka mwaka 1870, na akasimamia uchapaji wa vitabu vya shule na ibada. Vijana waliokombolewa kutoka utumwani walifunzwa kupanga herufi za risasi na kuendesha mashine. Huko ndiko lilikotoka gazeti la *Msimulizi* mwaka 1888. Kazi hizo zilikuwa kwa herufi za Kirumi.

Ya pili ni ya Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888. Karibu na mwaka 1880 alianzisha matbaa ya kisultani yenye herufi za Kiarabu. Kazi zake kubwa zilikuwa vitabu vya Kiarabu, hasa vya fiqhi ya Kiibadhi.

Tutafakari. Mji ni mmoja na kizazi ni kimoja. Mashine ya Sultani ilikuwa na uwezo wa kuchapa kwa hati ambayo Waswahili waliokwisha kusoma walikuwa wakiitumia tayari. Kama zana ndiyo inayoamua, basi hapo ndipo Kiswahili cha hati ya Kiarabu kilipopaswa kuingia katika zama za chapa. Hakikuingia kwa kiasi cha kuonekana, kwa sababu mwenye matbaa alikuwa na shabaha nyingine: kuhifadhi na kueneza elimu ya madhehebu yake kwa lugha ya elimu hiyo. Misheni nayo ilikuwa na shabaha yake: kuwapatia waumini wapya, wasiokuwa na mazoea ya hati yoyote, vitabu vya dini mpya. Matbaa zote mbili zilifanya kazi barabara. Kila moja ilifanya ile iliyoagizwa.

Wala uchaguzi wa herufi za Kirumi haukuwa wa kiufundi peke yake. Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alizichagua herufi hizo tangu mwanzo, na miongoni mwa sababu alizozitoa katika muhtasari wake wa sarufi wa mwaka 1850 ni hofu kwamba hati ya Kiarabu ingeupa Uislamu nguvu. Hiyo ni sababu ya mtu mwenye ujumbe na mpinzani. Twaweza kukubaliana naye au kumpinga, lakini hatuwezi kusema kwamba mashine ndiyo iliyomsemea.

Kuna mifano ya nje inayolitia nguvu jambo hili. Nchini Uturuki, Ibrahim Müteferrika alianza kuchapa vitabu kwa herufi za Kiarabu katika miaka ya 1720. Kwa takriban karne mbili Kituruki kilichapwa kwa hati hiyo, kisha kwa sheria ya Novemba 1928 hati ikabadilishwa. Kilichobadilika ni dola na mtazamo wake juu ya wakati uliopita. Kule Bara Hindi ilitumika sana chapa ya jiwe, ambapo mwandishi huandika kwa mkono na maandishi yake yakanakiliwa kutoka kwenye jiwe. Kwa njia hiyo Kiurdu kilichapwa kwa wingi katika karne ya 19 bila kuiacha hati yake, na hadi leo hakijaiacha.

Ofisi, shule na kamati

Kama matbaa haikuiondoa hati ya Kiarabu, nini kiliiondoa? Tuufuate mkono unaotia saini.

Wajerumani walipoanza kutawala Tanganyika, waliwakuta watu wanaojua kuandika, nao wakawatumia. Maliwali na maakida waliwasiliana na ofisi za serikali kwa Kiswahili cha hati ya Kiarabu. Ndiyo maana C. G. Büttner alitoa mwaka 1892 mkusanyiko wa maandishi ya Kiswahili kwa hati hiyo, na Carl Velten akatoa mwaka 1901 kitabu cha kuwafunza Wajerumani namna ya kuisoma. Dola ilikuwa na matbaa za Kirumi, na bado ilijifunza hati ya Kiarabu kwa sababu ilikuwa inawahitaji wenye kuijua. Shule za serikali, kuanzia ile ya Tanga ya mwanzoni mwa miaka ya 1890, zilipoanza kutoa makarani waliofunzwa kwa herufi za Kirumi, haja hiyo ikapungua. Karani mpya alichukua kiti cha karani wa zamani. Baba mwenye kutaka mwanawe apate kazi ya mshahara alijua ampeleke wapi.

Kisha ukaja utawala wa Waingereza. Mwaka 1925 mkutano wa elimu ulifanyika Dar es Salaam, ukajadili lugha na tahajia. Mwaka 1928 mkutano mwingine ulifanyika Mombasa, Carl Meinhof akiwa miongoni mwa waliohudhuria, na lahaja ya Kiunguja ikachaguliwa kuwa msingi wa usanifishaji, mbele ya Kimvita ambacho kilikuwa na watetezi wake na hazina kubwa ya fasihi. Tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi, Frederick Johnson akiwa katibu wake wa kwanza. Kamusi zinazoitwa kwa jina lake zilitoka mwaka 1939. Kamati hiyo, katika miaka yake ya mwanzo, haikuwa na mjumbe Mwafrika hata mmoja.

Haya ndiyo mambo yanayofichwa na sentensi "matbaa ilisanifisha Kiswahili". Zilikuwapo agenda, kura, bajeti na barua za kukubali au kukataa miswada ya vitabu. Matbaa yenyewe ingechapa Kimvita kwa wepi uleule iliochapia Kiunguja.

Na wapo waliokataa. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alianzisha mwaka 1930 jarida la *Sahifa*, kwa Kiswahili cha hati ya Kiarabu, na mwaka 1932 akaanzisha *Al-Islah*. Makala zake zilihusu elimu, dini, uchumi na hali ya jamii yake chini ya ukoloni. Alikuwa mtu wa zama mpya aliyeishika zana mpya kwa mkono wake mwenyewe. Kwamba njia yake haikuwa ndiyo njia kuu ni kwa sababu shule, mitihani na ajira zilikuwa upande wa pili.

Jaribio la Uganda

Mwanasayansi hupenda kukishika kitu kimoja bila ya kukibadilisha, ili aone vingine vinakwendaje. Historia haitupi maabara, lakini mara mojamoja hutupa jirani. Jirani yetu ni Uganda.

Zana zilikuwa zilezile. Uganda ilikuwa na matbaa za misheni na magazeti ya mapema kwa herufi za Kirumi. Reli kutoka Mombasa ilifika Ziwa Viktoria, mahali paitwapo sasa Kisumu, mwaka 1901, na Kampala mwaka 1931. Uganda ilikuwa mwanachama wa Kamati ya Lugha tangu 1930. Na gavana wake, William Gowers, alipendekeza mwaka 1927 kwamba Kiswahili kipewe nafasi kubwa katika elimu na utawala. Ikiwa reli hupeleka lugha na matbaa huisanifisha, Uganda ilipaswa kuwa nchi ya Kiswahili kabla ya mwaka 1940.

Haikuwa. Mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa aliandika kulipinga pendekezo hilo. Viongozi wa Buganda waliogopa kwamba Kiswahili kingeishusha hadhi ya Luganda na kingeifungamanisha nchi yao na Kenya ya walowezi. Wakuu wa misheni, ambao walikuwa wamekwisha kuijenga kazi yao juu ya Luganda, nao walipinga. Upinzani ukashinda. Mashine zilezile zikaendelea kuchapa, ila zilichapa Luganda.

Hatimaye Kiswahili kilipanda Uganda kwa ngazi nyingine: kupitia jeshi na masoko, kisha marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yaliyokifanya lugha rasmi ya pili, na uamuzi wa baraza la mawaziri wa Julai 2022. Hakuna hata mojawapo ya hatua hizo inayoweza kuelezwa kwa kuvumbuliwa kwa mashine mpya.

Zana inafanya nini basi?

Ndugu Mwenyekiti, si nia yangu kutoka shimo moja na kutumbukia jingine. Kusema kwamba zana haina nguvu yoyote ni kosa la upande wa pili. Aliyejaribu kulima kwa mkono mtupu anajua tofauti ya kuwa na jembe.

Naziona kazi tatu ambazo zana huzifanya kweli. Ya kwanza ni kupunguza gharama ya uamuzi fulani na kuongeza gharama ya mwingine. Herufi za Kirumi za risasi ni chache kuliko maumbo ya hati ya Kiarabu, ambayo hubadilika kwa kufuata nafasi ya herufi katika neno. Mashine za kupigia chapa za ofisini zilikuja zikiwa na herufi za Kirumi. Mwenye kutaka hati ya Kiarabu ilimpasa agharimie zaidi. Gharama si amri, lakini kwa mnyonge gharama hukaribia kuwa amri.

Ya pili ni kuyagandisha maamuzi yaliyokwisha kufanywa. Mwaka 1928 ingewezekana kuchagua Kimvita kwa kura chache tu. Baada ya kamusi za 1939 na vitabu vya shule vilivyoidhinishwa na kamati, kubadili uamuzi huo kungetaka kufundisha upya walimu na kuchapa upya vitabu. Kwa anayeangalia kutoka leo, uamuzi uliogandishwa unafanana sana na sheria ya maumbile. Nadhani hiki ndicho chanzo kikubwa cha nadharia ya nguvu ya zana: tunauona ukuta, hatumwoni mwashi.

Ya tatu ni kupanua uwanja. Dar es Salaam ilianza kutangaza kwa redio mwaka 1951. Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1954, ikiwahimiza Waafrika dhidi ya ukoloni. BBC ilianza mwaka 1957, mwaka mmoja baada ya mgogoro wa Suez. Chombo kilikuwa kimoja na lugha ilikuwa moja, lakini makusudi yalipingana. Redio ilizipa sauti hizo zote umbali. Maneno yenyewe waliyaleta watu.

Utafiti wa Sylvia Scribner na Michael Cole, uliotoka mwaka 1981, unatufaa hapa. Waliwachunguza Wavai wa Liberia, ambao wana hati yao wenyewe wanayofunzana majumbani, na wengine wao wanajua pia Kiarabu cha chuoni na Kiingereza cha shuleni. Kama kuandika kwenyewe hubadilisha akili, ilitazamiwa kwamba kila mwenye hati yoyote angeonyesha mabadiliko yaleyale. Haikuwa hivyo. Matokeo mengi yaliyodhaniwa kuwa ya maandishi yalionekana kuwa ya shule, na kila hati ilikuza ujuzi uliolingana na kazi iliyotumiwa kufanya. Kwa lugha yetu: tusiulize tu kalamu, tuulize pia ya kuandikia nini.

Hitimisho: hasara ya kumsahau mtenda

Yapo madhara gani tukiendelea kusimulia kama zamani? Yapo, nayo si ya kitabuni tu.

Simu zilizomo mifukoni mwetu leo zinaweza kuandika hati ya Kiarabu kwa wepesi uleule zinavyoandika za Kirumi. Ule ugumu wa herufi za risasi, uliotajwa kwa karne nzima kuwa ndiyo sababu, umeondoka. Hata hivyo Kiswahili cha hati ya Kiarabu hakijarudi sokoni wala shuleni. Kizuizi kimeondoka, lakini matokeo yamebaki. Basi kizuizi hicho hakikuwa sababu yote. Wakati huohuo, wasomaji wa miswada ya kale wanapungua, na hakuna mashine itakayowaleta. Ni vyuo vikuu, pamoja na hiki kinachotusikiliza jioni hii, vitakavyoamua kama mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili ahitimu bila kuweza kuusoma mswada wa Tambuka.

Vilevile tunaambiwa siku hizi kwamba akili mnemba ndiyo itakayoamua hatima ya lugha za Afrika: zenye data nyingi zitapona na zenye data haba zitakufa. Sentensi hiyo ina sarufi ileile niliyoieleza. Data haianguki kama mvua. Inatokana na vitabu vilivyoandikwa, hukumu zilizotolewa, mihadhara iliyochapishwa na masomo yaliyofundishwa kwa lugha husika. Sheria iliyopitishwa Tanzania mwaka 2021 kukifanya Kiswahili lugha ya mahakama, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliyokifanya lugha rasmi pamoja na Kiingereza, ni maamuzi ya watu yanayozalisha maandishi. Na uamuzi wa kuendelea kufundishia sekondari zetu kwa Kiingereza ni uamuzi pia, wenye wenyewe na sababu zao. Waulizwe sababu hizo. Wasiruhusiwe kujibu kwamba dunia ya kompyuta ndiyo inayotaka hivyo. Dunia ya kompyuta, kama ile mashine ya Steere na ile ya Barghash, huchapa inachopewa.

Nawaomba wanafunzi waliomo ukumbini wachukue zoezi moja. Kila mtakapokutana na sentensi inayokipa chombo nafasi ya mtenda, irudisheni nyuma ya "kwa", kisha mtafute jina la kujaza pale palipobaki wazi. Si "matbaa ilisanifisha Kiswahili" bali "nani alisanifisha Kiswahili kwa matbaa, kwa faida ya nani, na nani alipinga?" Mara nyingine jina halitapatikana, kwa kuwa waliohusika ni wengi mno au nyaraka zimepotea. Lakini pengo lililoandikwa kuwa ni pengo lina manufaa kuliko mashine iliyokalishwa juu yake.

Vyetu bado vyaelea, na bado vinaundwa. Ni wajibu wa taaluma yetu kuwataja mafundi, wa jana na wa leo, ili wa kesho wajue kwamba nao ni mafundi.